Pini 73 ya STM32F103VCT6 ni NC: niifunge kwenye graundi?

saketi_tu:
Wakuu, nachora bodi ya mikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo) STM32F103VCT6, umbo la LQFP, bapa lenye miguu pande nne, pini 100. Datashiti inaonyesha pini 73 ni NC, yaani haijaunganishwa na kitu. Nafikiria kuipeleka graundi isibaki inaelea. La pili: mita inalia kati ya pini zote za VSS (graundi ya chipu) hata kabla chipu haijalehemiwa. Kama zimeshaungana ndani, si nifunge mbili tu nipate nafasi ya kupitisha njia za shaba? Baadaye huenda nikapachika STM32F407VGT6 kwenye bodi hiihii.

mzee_lehemu:
Mkuu, 73 iache. Mguu ulehemu kwenye pedi yake kama mingine, ila pedi isitoe njia yoyote. Kinachosumbua kikielea ni ingizo la GPIO (pini za kawaida za kuingiza na kutoa ishara), na hizo usizotumia unaziweka hali ya analogi kwenye programu. NC ni habari nyingine.

VSS funga zote. Mita inapima kwa mkondo mdogo uliotulia, ndiyo maana inakuambia ni kitu kimoja. GPIO nyingi zikigeuka kwa pamoja, mkondo unaruka ndani ya nanosekunde chache, na induktansi ya nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye silikoni inainua graundi ya ndani. Utaona ADC (kipima volti cha ndani ya chipu) inayumba, au chipu inajiwasha upya bila sababu. Kila VSS ipewe via yake (tundu la kushuka kwenye tabaka la graundi) karibu na pedi, na kila VDD (pini ya umeme) kapasita ya 100 nF. VSSA, graundi ya upande wa analogi, usiisahau.

jampa_sifuri:
Hapo kwenye F407 ndipo pa hatari. Pini 73 huko ni VCAP_2, na 49, ambayo kwenye F103 ni VSS, inageuka VCAP_1. Hizo ni pini za kapasita ya regileta ya ndani inayolisha kiini, kama 1.2 V. Ukizifunga graundi umeipiga shoti.

Pini 49 iwekee pedi za saizi ya 0603 kwenda graundi: F103 unalehemu rezista ya 0 Ω, F407 unalehemu kapasita ya seramiki ya 2.2 µF palepale. Pini 73 vilevile, ila kwa F103 paache patupu. Halafu pini 19, hii wengi huikosa: F103 ni VSSA, F407 ni VDD. Weka jampa (viungo vya kulehemu) mbili, moja ya graundi na moja ya 3.3 V, na usilehemu zote mbili. Pini 20 haina neno, kwenye chipu zote mbili inakwenda graundi.

saketi_tu:
Hiyo 0 Ω ya pini 49 haitaongeza induktansi aliyoisema mzee?

jampa_sifuri:
Kidogo, ndiyo. Isogeze hadi iguse pini karibu, via iwe ubavuni mwa pedi ya pili. VSS nyingine zinabaki na njia zao za moja kwa moja.

Kabla ya kuwasha, pima 3.3 V na graundi kama kuna shoti. Ukishawasha F407, pima 49 na 73. Ukisoma sifuri kwenye 49, usianze kulaumu programu. Angalia kama 0 Ω ya F103 bado iko pale.