Tupeane uzoefu: ulimpandishaje Druid wako levo kwenye World of Warcraft Classic?

Kinyonga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kaingia Classic wiki hii, lile toleo la zamani la mchezo wa mtandaoni World of Warcraft, kachagua Druid, mchawi wa porini, kwa kuwa kasikia anageuka wanyama. Yuko levo ya 8, hajageuka hata panya. Anarusha uchawi wa Wrath, mana (nguvu ya uchawi) ikiisha anakaa chini kunywa maji, anasimama anarusha tena. Jana kaniuliza kama bado hajachelewa kuhamia Hunter, yule mwindaji. Miongozo ya talanta na hesabu imejaa kila mahali, mimi hapa nataka visa. Ulikwama wapi, ulinogewa wapi?

Nianze mwenyewe. Wangu ni Tauren, wale watu-fahali. Levo ya 10 mwalimu anakufundisha uchawi wa kukurusha hadi Moonglade, makazi ya Druid, unaongea na roho ya dubu, halafu unarudi nyika ya Barrens kumwita mnyama Lunaclaw upigane naye. Ukimwangusha, umbo la dubu ni lako. Tena dubu mwenye pembe, maana Tauren hata akigeuka pembe haziachi.

Sasa wengi wanakata tamaa hapahapa. Wanadhani wakishapata dubu mambo yatakwenda mbio, kumbe dubu anapiga pigo moja kila sekunde mbili na nusu, na lile pigo lake zito, Maul, linataka hasira ambayo inajaa kwa kuchapa na kuchapwa. Haui upesi. Ila hafi! Ngozi anayovaa inaongezewa kinga asilimia 180, kwa hiyo nilikuwa navuta wanyama wa Barrens watatu kwa mpigo, nawachapa taratibu huku nakunywa chai. Mage, mchawi wa moto na barafu, wa levo yangu akivamiwa na wawili anatimua mbio. Mimi levo ya 10 hadi 20 nilizipenda, najua nitapingwa.

PakaShume

Unapingwa sasa hivi, mkuu. Hizo levo kumi ni adhabu. Nilikuwa wa kabila la Night Elf, nikakaa eneo la Darkshore hadi nikawajua wale kaa wa ufukweni mmoja mmoja. Druid anaanza levo ya 20, siku unayopata paka. Kabla ya hapo unajaza fomu tu.

MamaWaTeldrassil

Mimi kisa changu ni cha umbo la majini, levo ya 16. Mliocheza upande wa Horde, kambi pinzani na yetu, hamtaelewa, nyie mliogelea kwenye fukwe zenu mkamaliza.

Night Elf anatakiwa kupata nusu mbili za kidani. Moja iko Darkshore, kwenye maji ya nyumbani, hiyo ni rahisi. Nyingine iko baharini nje ya Westfall. Kutoka Darkshore hadi Westfall! Unapanda meli pale Auberdine, inakushusha Menethil. Ukitoka langoni uko Wetlands, na Wetlands wanyama wake ni wa levo ya 20 na kitu. Wale mamba wamelala kando ya barabara na ramani yao wanaijua. Ukiwa na levo 16 wanakuona toka mbali mno, maana levo yako ikiwa chini unanusika haraka.

Nilikwenda kwa mtindo huu: nikiwa hai nakimbia mpaka mamba aning'ate, nageuka dubu ili nisife haraka, nasogea hatua kadhaa zaidi, nakufa. Roho inarudi mbio kutoka makaburini, nafufuka pale mwisho kabisa wa umbali unaoruhusiwa kutoka kwenye maiti, upande wa mbele. Kwa hiyo kila kifo kilinisogeza mbele kidogo. Nikavuka Wetlands kwa kufa, nikaingia mahandaki ya Dun Algaz, nikatokea Loch Modan, nikatembea hadi Ironforge, nikapanda treni ya chini hadi Stormwind. Kutoka pale Westfall ni kutembea tu.

Kufika baharini, sanduku liko chini kabisa, na bado hujapata umbo la majini, kwa hiyo unapiga mbizi kwa pumzi za kawaida ukiangalia mstari wa hewa unavyopungua. Yaani wanakutuma chini ya bahari kutafuta kitu cha kukuwezesha kwenda chini ya bahari. Nilitoa kile kidani, nikajirusha Moonglade kwa uchawi, ile safari yote ikafutika kwa sekunde kumi.

Faida yake? Unaogelea kwa kasi ya nusu zaidi na huishiwi pumzi. Nimeitumia sana Stranglethorn kukimbia watu. Wakikufukuza, ruka mtoni.

Mkwezi

Dada hapo kwenye kufa kwa kusonga mbele nimecheka hadi mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

PakaShume

Narudi kwa paka, maana naona watu wanazungukazunguka. Jambo ambalo mdogo wako anatakiwa kulielewa ni hili: Druid ana mifuko miwili. Ukiwa paka unatumia nishati, na nishati inajirudisha yenyewe, 20 kila sekunde mbili. Wakati huohuo mana yako imekaa pembeni haiguswi, inajaa. Ukimaliza kuua, unatoka kwenye paka, unajiwekea uponyaji wa Rejuvenation, unarudi paka, unaendelea. Unapofika kwa adui wa pili wa tatu mana imepanda tena. Ndiyo maana kunywa maji kunakoma karibu kabisa. Mage anaua haraka kukuzidi lakini nusu ya maisha yake kakaa chini anatafuna mkate.

Na tafadhali usimwambie aweke pigo la Shred kwenye kitufe cha kwanza. Shred inataka uwe nyuma ya adui. Ukiwa peke yako adui anakutazama wewe, nyuma yake utafikaje? Pigo la kawaida, Claw, mpaka lichoke. Talanta tano za kwanza ziende Ferocity, Claw inashuka kutoka nishati 45 hadi 40. Halafu Feline Swiftness, unakimbia asilimia 30 zaidi ukiwa paka nje ya majengo. Ukishaipata hiyo huwezi tena kumwonea mtu wivu hadi afikie levo ya farasi.

Daktari_wa_Pati

Mimi nilipanda kwa dunjeni, yale mapango ya kuingia kwa kundi (pati), nikiwa mponyaji, kwa sababu mponyaji hasubiri nafasi. Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia: Druid hawezi kufufua kama Priest, yule kuhani. Levo ya 20 unapata Rebirth, lakini inatumika mara moja kila nusu saa na inakula mbegu unayonunua dukani. Chini ya 20 huna kitu kabisa.

Sasa tuko dunjeni ya Wailing Caverns, mimi levo 19. Pale ndani ni mapango yanayojipinda, unapanda, unashuka, unajikuta umerudi ulikotoka. Warrior wetu karuka kutoka juu akitaka kukata njia, akaangukia kundi la mijusi, akafa.

"Nifufue."
"Siwezi."
"Wewe si healer?"
"Mimi Druid."
Kimya. Kisha: "Druid ndio nini sasa?"

Akakimbia kutoka makaburini, akafufukia mlangoni mwa pango, akaanza kututafuta. Tukamsubiri mpaka Rogue akaaga, kaenda kulala. Tangu siku hiyo nikiingia pati yoyote neno langu la kwanza ni hilo, kabla hata ya salamu: sifufui, kwa hiyo usife kizembe.

Ila sifa nyingine nayo muisikie. Tank, yule anayepokea vipigo kwa niaba ya wote, akianguka katikati ya vita, Priest hana la kufanya. Mimi nageuka dubu hapohapo, napiga Growl ya kumvuta adui kwangu, nashika yule mkubwa mpaka wenzangu wammalize. Nimeokoa pati nyingi hivyo, na asante niliyopata ni "lol".

Sultani_Muscat

Salaam kutoka Oman. Mimi kwenye levo za thelathini nilicheza sana Warsong Gulch, uwanja wa timu mbili kuibiana bendera, kwa sababu ya umbo la safari la levo ya 30, yule duma. Kasi asilimia 40 zaidi, hakuna kusubiri, na unabeba bendera ukiwa hivyohivyo. Watu wa levo 30 hadi 39 wengi wana miguu tu.

Wakikufunga miguu kwa barafu au mizizi, unageuka, kifungo kinavunjika. Unageuka tena, unaendelea. Na Mage akitaka kukufanya kondoo, hawezi, umeshageuka tayari. Namkumbuka mmoja alinifuata kuanzia chumba cha bendera hadi nje, kila nikitoka kwenye umbo kujiponya naye anaanza kunuiza kondoo, nami narudi dubu kabla hajamaliza. Mwisho alisimama akakaa chini. Alikaa kabisa!

Angalizo: usijifiche ukiwa na bendera. Ukibonyeza Prowl inaanguka.

Msela_Mkimya

Niongee kama mtu aliyemwacha. Levo 34, nikaanza Warlock. Sibishi hayo mnayosema, ila kuna uchovu wake. Unaokota rungu zuri, jekundu, linang'aa, unalishika kwa furaha, halafu unageuka paka na rungu linapotea. Kipigo chake hakihesabiki, ukiwa mnyama unapiga kwa kucha. Unabaki kutafuta namba za Strength kwenye vitu vya sura mbaya. Dawa za kunywa huzitumii ukiwa umegeuka. Kupanda mnyama wa kuruka anayebeba abiria huwezi, mpaka urudi mtu. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza kinanda. Pia ping yangu, yaani kuchelewa kwa mtandao, ni mia mbili na ushee, seva ziko Ulaya, kila kugeuka nasubiri. Kwa Warlock natuma pepo langu likapigane, mimi nakaa.

PakaShume

Rungu moja linahesabika, mkuu: Manual Crowd Pummeler, la dunjeni ya Gnomeregan. Ukilitumia linaongeza kasi ya kupiga kwa nusu, sekunde 30, hata ukiwa paka. Matumizi matatu tu kisha halina kazi.

Daktari_wa_Pati

Hilo ni la watu wa levo 60 wenye muda wa kurudi Gnomeregan kila wiki. Msimpeleke mtoto wa watu huko.

Bi_Tahadhari

Mimi nacheza Hardcore, ile rasmi iliyoanza 2023, ukifa umekufa. Druid wangu ana levo 47 na sijutii. Kwenye Hardcore hakuna anayekuuliza unaua haraka kiasi gani. Wanauliza una milango mingapi ya kutokea. Mimi ninayo: mizizi kwa anayenifuata (nje tu, ndani ya pango haishiki), Hibernate ya kulaza wanyama, Bash kumpumbaza mmoja nijiponye, Dash ya kutimua mbio, duma, na maji yakiwa karibu nazama. Mambo yakichacha mapema, Moonglade, kama nitapata sekunde kumi bila kuguswa.

Halafu kuna umeme wetu. Ukikatika katikati ya mchezo, mhusika wako haondolewi papo hapo, anabaki amesimama duniani kwa muda. Nimewekea ruta betri yake, na laptopu ina ya kwake. Lakini zaidi ya hapo, taa ya sebuleni ikicheza tu, kidole kinakwenda Prowl, kile kitufe cha kujificha. Siwazi, kinakwenda chenyewe. Msiba mkubwa wa huku hauletwi na adui.

Mkwezi

Bi Tahadhari, swali. Levo ya 40 ulinunua mnyama wa kupanda, au uliendelea na duma? Naona jumla yake inafika kama dhahabu 100 na mimi nina 38.

Bi_Tahadhari

Sikununua mpaka levo 44. Mnyama ni asilimia 60, duma 40, tofauti ipo lakini duma hasubiri sekunde tatu za kupanda, na unageuka hata ukiwa vitani. Dhahabu yako ya kwanza peleka kwa mwalimu, levo ya 40 kuna dubu mkubwa mwenye kinga asilimia 360, na kuna Innervate, uchawi wa kurudisha mana haraka. Hiyo Innervate jizoeze kuitumia mwenyewe mapema, maana ukishaingia pati kuna Mage atakuomba.