Naombeni ushauri: nakaribia kustaafu riadha, nianze na logo au podikasti?

Kiatu Cheupe
Wakuu salaam. Mimi ni mkimbiaji, mita 1500 na mara mojamoja 5000, nipo kwenye hii kazi tangu nimetoka shule na sasa umri umeenda, nina 33. Sio jina la kusema kila mtu ananijua ila wanaofuatilia riadha wananifahamu, jezi ya taifa nimeivaa. Nina mdhamini wa viatu, mkataba unaisha mwisho wa mwaka na dalili zote zinaonyesha hawaongezi. Instagram nina mafolowa wa kutosha tu. Sasa kila mtu ananiambia jenga brandi ukiwa bado unakimbia, ukishaacha hakuna atakayepokea simu yako. Nimeshachorewa logo mbili, moja ya herufi za jina langu na nyingine ya mtu anakimbia. Mpango uliopo ni msimu ukiisha tunamtangaza rasmi kwamba anastaafu, logo inatoka siku hiyohiyo, halafu zinafuata tisheti na podikasti. Swali langu, nianze na nini na logo ipi? Usingizi umekuwa wa shida kwa kweli. Wenye matusi piteni kimya kimya.

Mchokozi
Chukua ya mtu anakimbia mkuu. Hata biashara ikifa utaendelea kuitumia ukiwakimbia wanaokudai.

Dada wa Neti
Pole kaka. Mimi nilicheza voliboli muda mrefu mpaka goti likakataa, na nikuambie kitu ambacho hao wa logo hawatakuambia, wiki za mwanzo ukishaacha bado unaamka ile saa ya mazoezi, unakaa kitandani unasikiliza nyumba nzima imelala, mimi nilikuwa hadi begi napanga, napanga pedi za goti na taulo halafu nakumbuka hakuna pa kwenda, nazitoa narudisha kabatini. Mume wangu alikuwa ananiangalia tu. Sio pesa iliyonisumbua, ni kwamba kwa miaka yote kuna mtu alikuwa anaamua nile saa ngapi nilale saa ngapi na ghafla hakuna. Kwa hiyo kabla ya tisheti jiulize asubuhi ya siku ya kwanza utaifanyia nini. Mimi nilienda kusoma fiziotherapia, sijutii. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa ina jukwaa linaitwa Athlete365, kuna kozi za bure kabisa za wanamichezo, kasome hata moja wakati bado una muda.

golikipa_wa_zamani
Vijana mnapenda brandi kuliko akiba, hapo ndo mnapotea. Usain Bolt alistaafu 2017, jina gani kubwa zaidi ya lile kwenye riadha? Na bado 2023 mawakili wake walisema zaidi ya dola milioni 12 zimetoweka kwenye akaunti yake ya uwekezaji. Bolt huyo! Sasa wewe na logo yako ya herufi. Tena Magic Johnson, yule wa kikapu, mwenyewe anasimulia, 1979 anaingia ligi ya NBA Nike wakamwambia sisi hela nyingi hatuna tutakupa hisa, akakimbilia hela ya Converse, kampuni nyingine ya viatu, maana hakujua hisa ni nini. Mwaka uliofuata Nike ikaingia soko la hisa. Angalau yeye alikuja kujifunza biashara baadaye akatajirika. Mimi bonasi zangu ziliishia kwenye gari na marafiki, na gari lenyewe halikumaliza mkataba. Weka akiba kijana.

Kiatu Cheupe
Nashukuru wazee, akiba ipo kidogo. Ila jamani naona swali langu limerukwa. Logo ya herufi au ya mtu?

Mzee wa Vifungu
Logo iache kwanza. Nina maswali matatu tu, jibu moja moja. Ukurasa wa Instagram umefunguliwa kwa barua pepe ya nani na namba ya simu ya nani? Jina lako limesajiliwa alama ya biashara, na kama ndiyo, kwa jina la nani? Mkataba wa viatu una kifungu cha kulinganisha ofa, yaani ukipata ofa kwingine wao wakitoa sawa na hiyo unabaki kwao?

Nauliza kwa sababu hata wakubwa hapa waliteleza. Roger Federer wa tenisi alipoondoka Nike 2018 kwenda Uniqlo, kampuni ya nguo, zile herufi RF alizovaa miaka yote kwenye kofia hakuondoka nazo, zilikuwa za Nike. Alizipata 2020. Miaka miwili bingwa anacheza bila herufi za jina lake mwenyewe. Na Neymar, kuna mtu hata hamjui alienda kusajili neno NEYMAR Ulaya kwa ajili ya nguo na viatu, ikabidi kesi ifike mahakamani, 2019 ndo mahakama ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha kwamba jamaa alisajili kwa nia mbaya.

Kiatu Cheupe
Mkuu page inaendeshwa na watu wangu, haina shida hiyo. Mkataba wa viatu sijausoma wote. Turudi kwenye mada.

Mzee wa Vifungu
Hii ndo mada. Watu wako akina nani?

Mchokozi
Nimevuta kiti.

Kiatu Cheupe
Sawa. Ni shemeji yangu, mume wa dada. Alinisaidia tangu sina hata viatu vya misumari, page aliifungua yeye kwa simu yake nikiwa kambini na ndiye anaposti mpaka leo, mimi paswedi sina wala sijawahi kuihitaji. Sasa ameleta karatasi ya kufanya mambo yawe rasmi maana anasema wadhamini hawaongei na mtu, wanaongea na kampuni. Kampuni ni ya kwake. Kuna kifungu cha 7 kinasema "jina, jina la utani, picha, sauti na saini ya mwanamichezo vitakuwa mali ya kampuni katika kipindi cha mkataba na miaka kumi baada ya kustaafu." Mgawanyo 60 kwangu 40 kwake. Kurasa za mbele nimeshaweka saini ndogo chini ya kila moja, bado ule wa mwisho tu, na kuna hela kidogo alishanitangulizia.

Dada wa Neti
Weeeee kaka!!! Na ulikuwa unauliza logo?

golikipa_wa_zamani
Arobaini! Mawakala wa riadha niliokuwa nawasikia wanachukua 15 na watu wanalalamika.

Kiatu Cheupe
Nilijua mtakuja hivi ndo maana sikutaka kuandika. Huyu sio mtu baki, ni baba wa wapwa zangu. 40 sio ya kukaa tu, atalipia mchoraji, kamera, tisheti zote za mwanzo hela ni yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia, hayo ya kujibu meseji za watu usiku kucha nisingeweza. Na nikikataa sasa hivi dada ataniangaliaje? Watu wa nje mnaona karatasi, mimi namwona mtu.

Mzee wa Vifungu
Hakuna aliyemtukana shemeji. Mlipe, tena mlipe vizuri, kazi kaifanya. Ila kulipwa na kumiliki ni vitu viwili. Andikeni leseni, jina linabaki lako, kampuni inaruhusiwa kulitumia kwa mambo yaliyotajwa, miaka miwili, na mkiachana ruhusa inakufa. Alama ya biashara isajili wewe, daraja la 25 ndo nguo viatu na kofia, la 41 ndo mafunzo na burudani, huko podikasti na kliniki za kukimbia zinaingia. Page, weka barua pepe yako na namba yako kama mmiliki, uthibitisho wa hatua mbili uwe kwenye simu yako, yeye abaki kuwa mhariri. Ataendelea kuposti kama kawaida, hakuna kinachobadilika ila funguo.

Na hiyo miaka kumi baada ya kustaafu fikiria vizuri. Ukipewa kazi ya kuchambua mbio kwenye redio, sauti ni ya kampuni. Ukiandika kitabu, jina ni la kampuni. Ukifungua kambi ya watoto na kubandika picha yako mlangoni, unaomba ruhusa.

Mkataba wa viatu usome wote leo. Boris Berian, mkimbiaji wa 800 Mmarekani, 2016 Nike walimpeleka mahakamani kwa madai kwamba wana haki ya kulinganisha ofa aliyopata New Balance, na mkataba wenyewe ulishaisha. Baadaye waliiondoa kesi. Sasa wewe utoe tisheti na viatu vyenye logo yako huku kifungu cha hivyo kinakusubiri?

Dada wa Neti
Halafu sio lazima uanze na kampuni ya mtu. Allyson Felix, mkimbiaji Mmarekani, alipogombana na mdhamini wake kuhusu ujauzito, aliandika hadharani 2019 kwamba walimpa ofa pungufu kwa asilimia 70, akaja kuanzisha viatu vyake Saysh na ndivyo alivyovikimbilia Olimpiki ya Tokyo akarudi na medali. Kilichouza pale ni ile stori aliyoisema kwa mdomo wake. Stori yako wewe anaiandika shemeji.

Pilato
Ngojeni kwanza. Rudini posti ya kwanza msome taratibu. "Tunamtangaza rasmi kwamba anastaafu." Anamtangaza nani? Mtu anayejizungumzia anaandika natangaza, nastaafu. Aliyefungua uzi huu sio mkimbiaji. Ni shemeji mwenyewe, kaja kupima upepo ajue dogo akiuliza watu atajibiwa nini kabla hajampelekea ule ukurasa wa mwisho. Au ni chai, stori ya kutunga, mchague.

Mchokozi
Aisee nimerudi nimesoma. Ipo kweli!! Shemeji shikamoo 😂😂

golikipa_wa_zamani
Mimi nimeandika mpaka habari za gari langu kumbe naongea na meneja.

Kiatu Cheupe
Pilato acha hizo. Ile sentensi niliinakili kutoka meseji ya mpango ambayo shemeji aliituma kwenye grupu, nikasahau kuibadilisha. Niko na simu ndogo.

Pilato
Grupu lipi?

Kiatu Cheupe
La timu. Yeye, dada, mchoraji, na mimi.

Dada wa Neti
Subiri. Kwenye grupu uliyomo wewe, kuhusu kustaafu kwako wewe, wanaandika "anastaafu"? Na hukuona ajabu?

Pilato
Dada usihurumie chai. Mkimbiaji wa kweli taja muda wako bora wa 1500, dakika moja haichukui.

Kiatu Cheupe
Nikitaja muda na umri mtanipata ndani ya dakika tano, matokeo yote yako wazi mtandaoni.

Pilato
Mkimbiaji anayeficha muda. Haya.

golikipa_wa_zamani
Hapo namwelewa lakini. Sisi wa mpira unaweza kujificha, wa mbio akisema namba amesema jina. Ila pia asiyekimbia angejibu hivyohivyo. Basi sijui nimesema nini.

Mchokozi
Mwambieni apige picha ukucha wa kidole gumba cha mguu, mkimbiaji hawezi kudanganya ukucha.

Kiatu Cheupe
😂 Hiyo naweza. Mmoja ulishang'oka tangu msimu uanze.

Mzee wa Vifungu
Mimi jibu langu halibadiliki. Kama ni mkimbiaji, usisaini. Kama ni shemeji, na wewe usimsainishe, kwa sababu mkataba wa namna hii siku dogo akipata mwanasheria ndo wa kwanza kupelekwa mahakamani, na kikao cha kwanza kitakuwa sebuleni kwa mkeo. Leseni ya miaka miwili inakulinda hata wewe. Na ukitaka kuwa wakala wa riadha kwelikweli, World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wana utaratibu wa kuidhinisha wawakilishi na majina wanayaweka wazi, nenda ukafuate mlango huo.

Jambo lingine ambalo hamkuligusa. Kama yuko kwenye orodha ya wanaopimwa dawa mara kwa mara, akishatangaza kustaafu hawezi kuamka tu akarudi kwenye mashindano, kanuni inataka atoe taarifa ya maandishi miezi sita kabla. Kwa hiyo hayo ya kumtangaza siku ya logo ili tisheti ziuzike, ofa nzuri ikija mwezi wa pili mnafanyaje? Siku ya kutangaza achague mwenye miguu.

Kiatu Cheupe
Hiyo ya miezi sita sikuijua. Na kusema kweli kuacha kabisa sijaamua, kuna mbio za barabarani nazitamani. Tarehe alipanga yeye kwa sababu ya mchoraji.

Dada wa Neti
Tarehe ya kuacha kazi yako imepangwa na ratiba ya mchoraji. Sina la kuongeza, nipo hapa ukitaka kuongea, njoo inboksi.

Pilato
Mimi bado nasema chai. Ila chai hii nimeinywa yote.

Kiatu Cheupe
Nimemwandikia kwamba nataka kifungu cha 7 kiwe leseni na namba yangu iwekwe kwenye page. Alama mbili za bluu zimetokea, jibu bado. Dada kanipigia ila sijapokea, nipo njiani kuelekea mazoezini.

mrusha_mkuki_9
Wakuu samahani kuingilia, mimi page yangu anayo mchumba wangu na tumeachana wiki iliyopita, bado anaposti kwa jina langu na jana kaposti tangazo la mafuta ya nywele. Mimi nina kipara. Nifanyeje?

Mchokozi
Fungua uzi wako mkuu, na usisahau kuweka picha.