Wauzaji wa mikono ya santuri: bila vipimo mnatuuzia bomba la alumini, acheni kutupiga

#1 (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu unawahusu wanaouza mikono ya vicheza santuri, madukani na mtandaoni, pamoja na mafundi wanaoifunga. Tumechoka. Tangazo linasema "mkono wa inchi 9, unaingia mashine yoyote, mpya kabisa". Ukiuliza umbali wa egemeo la mkono hadi pini ya katikati ya sahani, kimya. Ukiuliza masi tendaji, unajibiwa "huo mwepesi sana boss". Mwepesi sana ndiyo gramu ngapi?

Mkono una namba tatu ambazo bila hizo hauna kazi: umbali wa egemeo hadi pini, urefu kutoka egemeo hadi ncha ya sindano, na masi tendaji, yaani ule uzito ambao sindano yenyewe inauhisi inapouburuta mkono. Namba ya kwanza ndiyo inayokwambia utoboe wapi. Mkono wa Technics SL-1200 unakaa milimita 215 kutoka kwenye pini, na urefu wake ni 230, kwa hiyo sindano inaipita pini kwa milimita 15. Mikono ya Rega inataka 222. Sasa mtu anauziwa Rega aufunge kwenye ubao uliotobolewa kwa 215, halafu anaambiwa "utasogeza katriji tu", yaani kile kifaa kinachobeba sindano. Milimita 7 hizo unazisogeza wapi? Nafasi ya skrubu kwenye kichwa cha mkono imewekwa kwa marekebisho madogo. Na hata ukiibana ikafika, pembe ya kichwa ilikatwa kwa jiometria nyingine, kwa hiyo sindano inakaa upande dhidi ya mfereji karibu santuri nzima. Halafu lawama zinapewa katriji.

Masi tendaji nayo si pambo la karatasi. Mkono na sindano ni kitu kizito kilichoning'inia kwenye springi, na kila springi ina mdundo wake. Chukua 159, gawanya kwa kipeuo cha pili cha (masi yote mara unyumbufu wa sindano, yaani ulaini wa springi yake). Jibu ni hezi, nasi tunataka liangukie kati ya 8 na 12. Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na unyumbufu 20. Mkono wa gramu 12, weka nusu gramu ya skrubu, jumla 19.7. Unapata hezi 8, inapita. Katriji hiyo hiyo ukiifunga kwenye mkono mrefu wa gramu 25 unashuka hadi hezi 6 na ushee, mle mle ambamo mikunjo ya santuri iliyopinda inacheza. Koni ya besi utaiona inaingia na kutoka hata pasipo na muziki, na sindano inaruka palipopinda kidogo tu.

Hapo ndipo fundi anapoingia na dawa yake: "ongeza gramu zifike tatu, haitaruka". Jamani! 2M Red inataka mgandamizo wa gramu 1.8, mwisho wake 2. Ukiipa tatu, mpira unaoshika kantileva (kijiti chenye sindano) unalala, tumbo la katriji linakaribia kusugua santuri, na sindano imekwisha kabla ya siku zake. Wengine wanabandika sarafu juu ya kichwa cha mkono, ambayo ni kuongeza masi na mgandamizo kwa pigo moja. Na upande wa pili wapo wanaopunguza hadi gramu 1 "kulinda santuri". Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, inaharibu kuliko ile iliyokaa kwenye gramu zake.

Kama inaruka, tafuta sababu. Weka pimamaji juu ya sahani kwanza. Kisha sawazisha mkono uelee kwenye sifuri, antiskeiti (nguvu ya kuuvuta mkono nje) sifuri, uupulize taratibu: unatakiwa uende bila kusita na usimame unapotaka wenyewe. Ukirudi nyuma kama umevutwa, nyaya ndogo za ndani zimebana pale egemeoni. Ukisita mahali pamoja, beringi ina uchafu au imeumia. Halafu shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, kisukume mbele na nyuma kidogo sana. Ukisikia "tik", beringi imelegea, na mkono huo usiununue hata kwa nusu bei. Skrubu zake pia usizikaze mwenyewe, robo mzunguko tu inatosha kuzipasua goroli au kuzichimbia vishimo.

Kosa linaloongoza kwa mafundi wetu ni jiwe la mizani la nyuma. Jiwe lina pete yenye namba mbele yake, na pete inazunguka peke yake. Ukishausawazisha mkono ukaelea, unashikilia jiwe lisitikisike, unazungusha PETE pekee hadi sifuri iangalie mstari. Ndipo unazungusha jiwe zima, pete ikifuata, hadi 1.8. Wao wanazungusha jiwe kutafuta sifuri. Mkono haupo tena kwenye mizani, namba yoyote utakayosoma baada ya hapo ni uongo, halafu wanakuapia kwamba "imewekwa kwa kipimo".

Na protrakta, ile karatasi ya kulinganishia katriji! Mnawatumia wateja PDF bila hata kuwaambia waichapishe kwa asilimia 100. Printa inabana ukurasa uenee kwenye A4, milimita 66 zinakuwa 64, mtu anakesha analinganisha katriji na karatasi potofu. Kila protrakta nzuri ina mstari wa milimita 100 pembeni. Weka rula hapo kwanza. Ukisoma 97, chana.

Naomba kuwasilisha. Wauzaji mpo humu, jibuni.

#2

Mkuu umesema kweli ila umewaacha wenye viwanda. Unyumbufu unaoandikwa na makampuni mengi ya Japani umepimwa kwa hezi 100, wakati hesabu yako inataka ule wa hezi 10. Denon DL-103 inaandikwa 5. Mtu anaingiza 5 kwenye fomula kwa mkono wa gramu 12 (katriji gramu 8.5), anapata hezi 15 na nusu, anakimbilia kununua kichwa kizito. Namba ya hezi 100 izidishe kwa 1.5 hadi 2 kwanza. Kwa 10 unapata hezi 11, na mkono ulionao ulikuwa unatosha tangu mwanzo. Ni makadirio, sawa, lakini makadirio yanayokuokolea hela.

Na usiifunge hiyo DL-103 kwenye mkono wa gramu 6 kwa sababu tu mkono ni wa bei mbaya. Inataka gramu 2.5 za mgandamizo na mkono wenye mwili.

#3

Naongezea mizani ya dijitali ya kupimia gramu za sindano, ile ya bei chee. Sahani yake ya juu ikiwa ya chuma kinachoshikwa na sumaku, katriji ya koili inayotembea inavutwa chini na namba inapanda bure. Ijaribu hivi: sogeza katriji juu yake bila kugusa, ikisoma chochote, itupe. Tena nyingine ni nene, zinainua sindano juu sana kuliko usawa wa santuri. Mikono ambayo jiwe lake limening'inia chini ya mstari wa egemeo inabadilisha uzito kwa kimo. Pima kwenye usawa ambao santuri inakaa, ikibidi toa mkeka.

Swali kwa mwenye uzi: zile santuri ndogo za 45 za rumba, zilizochapwa Nairobi. Wimbo unaanza safi, ukifika sebene "s" zote zinakuwa "sh". Nimelinganisha kwa jiometria ya Baerwald, fundi anasema santuri zimekufa.

#1 (mwenye uzi)

#3, baadhi zimekufa kweli, zilichezwa baa kwa sindano butu. Ila usikubali jibu hilo kabla hujaangalia jiometria. Mkono unaozunguka egemeo unakaa sambamba na mfereji mahali pawili tu, ndizo nukta zake. Baerwald anapaweka milimita 66 na 120.9 kutoka katikati, akipigia hesabu LP ya inchi 12. Santuri ndogo inaendelea kuchezwa hadi karibu milimita 54. Kwa hiyo sebene lote linapigwa baada ya nukta yako ya ndani, kosa linazidi kukua, na huko ndani mfereji umebanana, mawimbi ni mafupi. Jiometria nyingine, ya Stevenson, inaisogeza nukta ya ndani hadi 60.3, na kwa wenye 45 nyingi hilo lina maana, japo katikati ya LP utalipa kidogo.

Kichekesho ni kwamba wenye SL-1200 wanapewa kipimo cha kiwandani, milimita 52 kutoka kwenye mpira wa shingo ya kichwa hadi ncha ya sindano, nao wanaambiwa na "wataalamu" wakitupe. Piga hesabu yake: nukta zinaangukia karibu 58.8 na 113.5. Kwa mtu wa rumba za 45 hicho ndicho kipimo chake, mwache nacho. Baerwald kwenye mkono huo ni ya mwenye LP.

Sikiliza pia ni upande gani unaochakaa. Mkono huvutwa ndani, sindano inaegemea ukuta wa ndani ambao ni chaneli ya kushoto. "Sh" ikianza kulia kwanza, ongeza antiskeiti nusu namba. Ikianza kushoto, punguza. Zikichakaa pamoja, rudi kwenye gramu na ulinganifu. Na ukisogeza katriji hata milimita moja, pima gramu upya, zimeshabadilika.

#4

Hamjagusa kimo. Watu wanapoteza siku nzima kwa kunyanyua mkono nusu milimita. Kwenye mkono wa 230, milimita 4 pale egemeoni ndiyo digrii 1. Bomba liwe sambamba na santuri sindano ikiwa imetua, basi, sikiliza muziki. SL-1200 ina pete ya kimo, Rega haina, unaweka kipande cha milimita 2 chini ya kitako. Kama sindano ni ya duara wala hutasikia tofauti.

Nyaya za katriji: nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi, nyeupe kushoto chanya, bluu kushoto hasi. Shika kibanio cha mwisho wa waya kwa koleo dogo, usivute waya. Na sindano kama inachomoka, ichomoe kabla ya kukaza skrubu.

#5

Binafsi nauza. Wateja wenyewe hawaulizi hizo namba, wanauliza rangi.

#1 (mwenye uzi)

#5, sasa wameuliza. Ukiweka mkono humu, andika umbali wa egemeo hadi pini, urefu, masi tendaji, na video ukiupuliza ukiwa umeelea. Usiponyima namba, tutabishana bei tu. Bila hizo usinifuate PM.