Tunalipia pointi, hatufundishwi: mafunzo endelevu ya optometria yamegeuzwa soko la lensi

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimetoka kwenye mafunzo endelevu ya wataalamu wa optometria, yaani sisi tunaopima macho na kuandikia watu miwani, mafunzo yanayotupatia pointi za kuhuisha leseni. Yalitangazwa kwa kichwa kizito, "Huduma ya Kliniki na Usimamizi wa Kituo cha Macho". Waandaaji sitawataja, kwa sababu tatizo si lao peke yao. Ni utaratibu mzima ambao tumeuzoea kiasi cha kuacha kuuhoji. Ada niliyoilipa kutoka mfukoni mwangu ilizidi nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na hapo sijahesabu nauli ya basi kutoka mkoani wala malazi.

Kwa mujibu wa ratiba, asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa ya presha ya macho. Picha ya neva ya jicho ilipita ukutani kabla sijamaliza kukadiria ukubwa wa kikombe chake, yaani kile kishimo cha katikati kinachopanuka neva inapoharibika, mwezeshaji akasema "hii mnaijua", na picha iliyofuata ilikuwa ya fremu za msimu mpya. Gonioskopi, ambayo ndiyo inayotuonyesha kama pembe ya jicho iko wazi au imefunga, na kwa hiyo ndiyo inayoamua mgonjwa atibiwe kwa njia ipi, haikutajwa hata mara moja. Hakuna mshiriki aliyeshika tonomita, kifaa cha kupimia presha ya jicho. Slitilampu, darubini ya kuchunguzia jicho, iliyoletwa ukumbini ilibaki kwenye kona ikiwa imefunikwa plastiki yake hadi tulipogawiwa vyeti.

Mchana mzima tulikabidhiwa kwa wakala wa lensi, aliyetufundisha kwamba kila anayetumia simu au kompyuta auziwe lensi za kuzuia mwanga wa bluu. Niliuliza kuhusu uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, uliokusanya majaribio 17 na kuona kwamba, kwa ufuatiliaji wa muda mfupi, huenda lensi hizo hazina tofauti na lensi za kawaida katika kupunguza uchovu wa macho unaotokana na kompyuta. Nilijibiwa kwamba wateja wanazipenda. Kipindi hicho, ndugu zangu, kimehesabiwa kuwa pointi za kliniki.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Muda si mrefu kabla ya mafunzo hayo nilimpokea mtoto wa shule ya msingi mwenye mzio wa macho, ule wa kujirudia unaowafanya watoto wetu wajikune hadi weupe wa jicho ugeuke rangi ya kahawia. Mama yake alikuwa amebeba mfuko wa chupa tupu za matone ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo amekuwa akiyanunua duka la dawa kila mtoto anapolalamika, kwa sababu yalimtuliza mara ya kwanza na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya aina hiyo ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ilikuwa juu mno, na neva ya jicho la kulia ilikwisha kuharibika. Nilimpa rufaa siku hiyohiyo kwa daktari bingwa, lakini uoni uliopotea kwa presha haurudi. Wagonjwa wa namna hii tunawaona Moshi, Mbeya, Mwanza, kila mahali. Somo la jinsi ya kuwatambua mapema, kuwapima presha kila wanapotumia steroidi na kuzungumza na wauza dawa wa mtaani lingetosha kujaza siku nzima, na hakuna aliyelifikiria.

Upande wa usimamizi ndio ulionikatisha tamaa kabisa. Usimamizi wa kituo ni kujua kwa nini madai ya bima yanarudishwa kwa sababu fomu haikujazwa utambuzi wa ugonjwa au haina saini. Ni kuweka kumbukumbu zitakazokuwezesha kumpigia simu mgonjwa wa presha ambaye hajarudi tangu mwaka jana, kukagua tonomita kabla haijaanza kudanganya, na kufuatilia miwani ngapi zinasagwa upya kwa sababu mtu alinakili vibaya mhimili, yaani mwelekeo wa lensi kwa nyuzi, au alipima ovyo umbali kati ya mboni mbili. Sisi tulifundishwa namna ya kumpandisha mteja kutoka lensi ya bei nafuu hadi progresivu, ile ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa Assam, India, ambako wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya kawaida ya kuonea karibu waliongeza tija kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao wasiopewa. Nasi tuna mashamba ya chai Mufindi na Rungwe. Ningependa kufundishwa jinsi ya kuendesha kituo kinachoweza kumfikia mchuma chai huyo bila kufilisika, maana hilo ni gumu kweli na linahitaji hesabu.

Msiniambie kwamba kila mahali ni hivi. Uingereza, tangu mwaka 2022, mtaalamu wa optometria anatakiwa kupata pointi 36 kwa miaka mitatu, na angalau 18 kati ya hizo lazima zitokane na mafunzo ya kujadiliana na wenzake, si kukaa na kusikiliza tu. Marekani, majimbo mengi yameweka kikomo cha saa za usimamizi zinazokubaliwa, na vipindi vinavyoidhinishwa na COPE, chombo cha kukagua mafunzo endelevu ya optometria, havitakiwi kuwa tangazo la bidhaa. Hapa Tanzania taaluma yetu ina sheria yake tangu mwaka 2007 na ina baraza lake, kwa hiyo hatuwezi kusingizia kwamba hakuna mahali pa kudai. Tumekuwa tukifunika kombe mwanaharamu apite kwa sababu kila mmoja anazihitaji pointi za kuhuisha leseni.

Nataka wakala wa kampuni apewe meza ya maonyesho nje ya ukumbi na maneno yake yasihesabiwe pointi. Kila mada ya kliniki iwe na sehemu ya vitendo, mshiriki ashike kifaa na asahihishwe. Usimamizi ufundishwe na watu wanaoendesha vituo, wakiwa na daftari zao za mapato na hasara mkononi.

Nimewaandikia waandaaji nikidai sehemu ya ada irudishwe, kwa kuwa mada kadhaa za kwenye tangazo hazikufundishwa kabisa. Nahitaji wenzangu waliokuwa ukumbini wanaokubali kuweka saini zao pamoja na yangu, na kama kuna aliyehifadhi ratiba ya mwanzo, ile iliyotumwa kabla hatujalipa, naomba aiweke hapa.