Malai ya embe na nanaa imeganda jiwe, nisaidieni

Bi Karafuu
Assalamu alaykum. Kaskazi hii imenishinda, nikasema nigandishe kitu cha baridi watoto wale wakitoka skuli. Nilinunua maembe boribo Darajani, nikayasaga. Nanaa nikaichemsha vizuri, nikachanganya. Sukari nilitia vijiko viwili tu, maana nakaa na mama mkwe na ana sukari. Asubuhi natoa bakuli: jiwe! Kijiko kimepinda. Na ile nanaa imekuwa rangi ya tope, chungu kama shubiri. Mdogo kaniuliza kwani nani mgonjwa. Nimekosea wapi?

Mpemba Asiyebisha
Waalaykum salaam. Kwanza hiyo si malai, malai ina maziwa. Hiyo ni barafu. Haya, endeleeni.

Shangazi wa Makunduchi
Mwanangu, nanaa haichemshwi. Chemsha maji na sukari, epua, ndipo utie majani, ufunike dakika 15 kisha uchuje. Ukiyaacha motoni harufu inakwenda na mvuke, kinachobaki ni uchungu. Cha kuchemshwa ni mchaichai: ponda lile shina jeupe kwenye kinu, chemsha dakika 10. Na embe mie naona linapatana zaidi na mchaichai na ndimu kuliko nanaa, lakini kila mtu na ulimi wake.

Fundi Friji, Chake
Ujiwe umetokana na uchache wa sukari. Sukari ndiyo inayozuia maji yasigande yote, ndiyo maana kijiko kinapita. Kwa kilo 1 ya nyama ya embe tia glasi moja ya maji na glasi moja ya sukari, ndimu moja, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Onja kabla hujagandisha: iwe tamu kupita kiasi, kwa sababu ubaridi unaficha utamu.
Kwa juisi nyepesi, ya pasheni au ndimu, kuna kipimo cha yai. Lioshe yai bichi, litumbukize. Likizama, ongeza sukari. Likielea na kutoa kichwa kadiri ya sarafu ya shilingi 100, basi. Embe usilipime hivyo, uzito wake utakudanganya.

Bi Karafuu
Glasi nzima! Na mama mkwe je?

Shangazi wa Makunduchi
Mkwe mfanyie yake. Ikiwa sukari kidogo, usishindane na barafu, ikwangue. Maji ya mchaichai, ndimu, sukari kiduchu, mimina kwenye sinia pana lenye kingo, kina chake kisizidi vidole viwili. Kila nusu saa pitisha uma, anza pembeni uje kati, ndiko kunakochelewa kuganda. Baada ya saa tatu au nne utapata chembechembe kama nazi iliyokunwa. Embe lenyewe lina sukari, kwa hiyo hilo aulize kwa daktari wake ale kiasi gani.

Mtoto wa Jang'ombe
Na mie nidandie hapahapa. Nilisaga nanasi na maziwa nikagandisha, likawa chungu. Maziwa mabovu?

Fundi Friji, Chake
Maziwa hayana kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, uchungu unatoka hapo. Lichemshe kidogo, lipoe, ndipo uchanganye.

Mpemba Asiyebisha
Hiyo sasa ndiyo malai.

Bi Karafuu
Narudi na majibu. Ya ndimu na mchaichai nimeikwangua mara tatu, ya nne umeme ukakatika. Tukaila hivyohivyo, nusu uji nusu barafu, kwenye vikombe vya kahawa. Mama mkwe hakusema kitu, ila kikombe kakirudisha kitupu na kauliza kama sinia limeoshwa. Ya embe ndo kwanza nimeitia friza, na glasi yake ya sukari. Fundi, nikiikuta jiwe tena kijiko utanilipa wewe.