Gari la kulala lililotumika: nikague nini?

Mgeni wa Paje: Assalaam alaykum. Nataka Hiace iliyotiwa kitanda na jiko. Ndiyo gari yangu ya kwanza. Nianze wapi?

Fundi Chake: Waalaykum salaam, sheikh wangu. Ingia uvunguni na bisibisi. Gonga chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, hasa juu ya matairi ya nyuma. Chumvi ya pwani hula kwa ndani. Ukikuta rangi nyeusi mbichi juu ya magamba ya kutu, iache gari hiyo. Kisha bonyeza mbao chini ya madirisha na pembe za dari. Zikibonyea, maji yameshaingia, na hilo kwangu baya kuliko injini kuchoka.

Bi Mkoani: Tairi usitazame kashata, yaani meno yake, tu. Tazama pia namba nne za tarehe ya kutengenezwa ubavuni: 2318 ni wiki ya 23, mwaka 2018. Mpira wa gesi wa jiko upake povu la sabuni. Mapovu yakifura, unavuja.