Nimeuziwa kofia ya mashine kwa bei ya viua vya mkono, na juu yake nimetukanwa

Ndugu wanajamvi, naandika hasira ikiwa bado moto. Yule muuza kofia, ambaye sote tunamfahamu na sina haja ya kumtaja, leo ameniambia mbele za watu kwamba sindano ni sindano.

Katika kofia ya viua, yaani vile vitundu vidogo vya urembo, kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kingine, na mwanamke anayeishona nyumbani kwake huweza kumaliza miezi na kofia moja. Kazi hiyo ndiyo niliyoilipia. Nilipoifua, nikaitia wanga na kuivisha kwenye faroma, kile kibao cha kuipa kofia umbo, uzi ulifumuka mstari mzima, na kwa ndani ikabanduka ile karatasi ngumu inayowekwa chini ya kitambaa kinapodariziwa kwa mashine. Nikairudisha kwa adabu, na salamu nikatoa. Akaigeuza ndani nje, akaitazama karatasi inavyoning'inia, akawageukia wateja, akasema: sindano ni sindano. Hata mtoto aliyetumwa vifungo alicheka, na kicheko hicho kilisikika mpaka Pemba. Sindano ni sindano! Kwa hesabu yake, jahazi na beseni ni kitu kimoja kwa sababu vyote huelea.

Mwana wa Shangani: Pole sana, ndugu yangu. Huyo huyo aliniapia kwamba darizi ya shingoni mwa kanzu yangu ni ya mkono, na shingo yenyewe ilijikunja siku ya Idi nikiwa safu ya mbele.

Babu Faroma: Kijana, kofia hugeuzwa ndani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ulikuwa unatazama nini, tabasamu la muuzaji?

Mama Doti: Afadhali wewe umeharibikiwa kofia. Mimi fundi wangu, yule mwenye cherehani inayoamsha mtaa, nilimpa kanga anishonee gauni, akaukata mji, ile sehemu ya kati ya kanga, vipande viwili, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, likaangukia nyuma kichwa chini, hata watu msibani wakawa wanainama kunisoma.

Pindo Refu: Wauza vitenge je? Cha waksi rangi hupenya pande zote mbili, lakini nilichouziwa mimi nyuma ni cheupe kama sanda, na muuzaji bado anakiita waksi.

Mwenye uzi (mimi niliyeanzisha mada): Naomba turudi kwenye kofia. Mtu huyu alisema sindano ni sindano, na karatasi ilikuwa mkononi mwake!

Babu Faroma: Tumesikia, mwanangu. Pindo Refu, kitenge hicho umekifua?

Pindo Refu: Nimekifua, Babu, na shuka zote nilizozifua nacho sasa ni za kijani.

Mama Doti: Anayemjua fundi wa kukunga pindo za kanga kwa mkono, mwenye mshono mdogo wa kweli na si wa kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, akaondoka, tafadhali anielekeze, kwa maana harusi ni Ijumaa na yule wa cherehani harudi kwangu.